Dakika Mbili Ndani ya Soksi

Jumapili iliyopita nilikaa ukingoni mwa uwanja wa Masisi kama watu wengine, mikono mitupu, na jirani yangu akaniuliza ni saa ngapi. Mkono ukaenda mfukoni wenyewe. Mfukoni hamkuwa na kitu. Tangu nianze kupuliza filimbi, miaka ile ya vita vya Wazungu, sikuwahi kuukaribia uwanja bila saa, na sasa nikamwambia yule jirani aangalie jua. Hapo ndipo nilipokubali kwamba kweli nimestaafu.

Nyinyi vijana mliobaki na filimbi mmeniomba mara nyingi niwaandikie niliyoyaona. Nilikuwa mwalimu wa shule siku sita na mwamuzi wa mpira siku ya saba, baada ya misa. Msitarajie habari za vyeo. Mwamuzi hana cheo, ana magoti tu, na yangu yamekwisha. Nitaandika juu ya jambo moja, zile dakika tunazoongeza mwisho wa mchezo, kwa sababu hizo ndizo watu wanazogombania kuliko zote, na ndizo nilizozijua vizuri kuliko mwamuzi yeyote kati ya Sake na Walikale. Sisemi kwa majivuno. Basi, labda kidogo.

Kwanza muujue uwanja ulivyokuwa, maana nyinyi mmeukuta umenyooshwa. Ulichongwa kwa majembe juu ya mgongo wa kilima. Pande tatu zilikuwa na nyasi na watu. Upande wa nne ulikuwa mteremko unaoshuka moja kwa moja hadi bondeni, kwenye shamba la maharagwe la Papa Sebastiani, ambaye babu zake walililima bonde lile kabla mtu yeyote hajasikia neno mpira. Na mpira wenyewe ulikuwa mmoja. Ukishuka, ishirini na wawili wanasimama wanaangalia chini. Tena njia ya kwenda sokoni ilikata uwanja katikati. Njia ilikuwepo kabla ya uwanja, kwa hiyo mama mwenye mzigo kichwani alikuwa na haki ya kupita, na ng'ombe waliotoka kunywa maji nao walikuwa na haki yao.

Siku yangu ya kwanza sikuombwa, nilitumwa. Mwamuzi wetu alikuwa Papa Dominiko, muuguzi wa zahanati, mtu mwembamba asiyecheka, na Jumapili hiyo homa ilimlaza. Akaniletea filimbi na saa yake ya mfukoni, ile aliyopimia mapigo ya moyo ya wagonjwa. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Uko mwalimu, unajua kusoma saa. Inatosha."

Haikutosha. Walicheza vijana wa misheni na wafanyakazi wa mashamba ya pareto. Ng'ombe walipita mara mbili. Mama mmoja alisimama katikati ya uwanja akamsalimia kipa ambaye ni mtoto wa dada yake, akamuuliza habari za nyumbani moja moja. Mpira ukashuka kwa Papa Sebastiani ukakaa huko. Mimi macho kwenye saa, na ilipotimia dakika ya tisini nikapuliza, nikifurahi kwamba sikukosea hata nukta. Watu wa pareto, waliokuwa wamefungwa moja bila, hawakutoka. Walikaa chini kwenye nyasi, wote kumi na mmoja.

"Mwalimu," mmoja wao akasema kwa adabu kabisa, "na dakika ya ng'ombe iko wapi?"

Nikamwambia saa inasema tisini.

"Ile saa iliona ng'ombe?"

Nikaitazama saa tena. Walikaa pale mpaka kengele ya sala ya jioni, na mimi nikakaa nao, kwa kuwa sikujua kama mwamuzi anaruhusiwa kwenda nyumbani.

Kesho yake nilimrudishia Papa Dominiko vitu vyake, nikamweleza. Alinisikiliza huku ameegemea ukuta, kisha akanyoosha mkono chini ya kitanda akatoa kopo la dawa lililoisha dawa. Ndani mlikuwa na maharagwe mekundu kumi na tano, yamelainika kwa kushikwa.

"Tia yote mu mufuko ya kushoto," akasema. "Kila dakika mupira inalala, toa moja, tia kuume. Usihesabu na kichwa. Kichwa iko na timu yake. Haragwe haina timu."

"Na mwisho?"

"Mwisho unaita bakapiteni mbili, unafungua mukono. Bahesabu beye. Halafu unacheza ile yenye bameona. Lakini mbele ya kuwaita, hesabu mifuko yote mbili. Yenye imeenda na yenye imebaki. Kama haifike kumi na tano, kuna mwizi."

Huo ndio uliokuwa utaratibu wetu. Sijui ulitoka wapi. Kitabu cha sheria kilikuwa cha Kifaransa, na kurasa zake za mwisho zililiwa na mchwa kabla sijakifikia, kwa hiyo sikuwahi kujua kama maharagwe yalikatazwa. Kwa miezi mingi Papa Dominiko alinikalisha kando yake ukingoni, yeye akichezesha kwa macho tu siku ambazo mwingine alishika filimbi, na ghafla ananiuliza, "Ngapi?" Nikisema nne naye ana tano, ananiinulia vidole vitano, na vidole hivyo vilinichoma kuliko matusi.

Nilijifunza mambo ambayo hamtayaona kitabuni. Ng'ombe anahesabiwa tangu pembe zinapoingia mpaka mkia unapotoka. Mama anayepita na salamu fupi hahesabiwi, ni sehemu ya maisha. Mama mwenye habari ya msiba anahesabiwa haragwe moja, na unamwacha amalize. Mtu aliyeumia kweli hajishiki mguu kwa mikono miwili. Na saa ile ya Papa Dominiko ilichelewa dakika nne kila siku, lakini katika saa moja na nusu ilikuwa mwaminifu, na zaidi ya hapo hatukuihitaji.

Ila mwalimu wangu mkubwa alikuwa Papa Sebastiani, bila yeye kujua. Mpira ukianguka shambani mwake hakuurusha juu. Aliuweka kando ya jembe, akangoja mtu ashuke, amsalimie, aonyeshwe mashina yaliyovunjika, aseme pole kwa kila moja. Akimaliza mstari anaoulima ndipo anautoa. Siku moja alinigharimu maharagwe manne kwa mpira mmoja. Timu zilizokuwa zinaongoza zilikuwa zimeijua dawa hiyo zamani. Dakika za mwisho ungesikia, "Mupeleke kwa Papa!" na mpira unapigwa mteremkoni kwa makusudi. Tulipoanza kufungua mkono mbele ya makapteni, dawa ikaisha nguvu. Unaupeleka kwa Papa, nami nahamisha haragwe kwenda kulia. Wenye akili waliacha. Wasio na akili walicheza mpaka jua likazama, nikicheza nao.

Papa Dominiko alipoacha kazi alihamia Shasha, kando ya ziwa, kwa ndugu wa mkewe. Aliniachia saa na kopo. Nilipomwambia sijui kama naweza, alisema kwamba yeye pia hajui.

Jina langu likaanza kutembea. Nikaitwa Sake, kisha Walikale. Kule nilishuka kwa lori, siku nzima ya matope, kutoka kwenye baridi yetu mpaka kwenye msitu ambapo shati linalowa ukiwa umekaa. Uwanja wao ulikuwa tambarare kama meza, lakini miti ilikuwa imeuzunguka, na mpira ukiingia msituni watu wanautafuta kwa mapanga. Wachezaji wao walikuwa wanaume wa migodini, upande wa Omate, na kapteni wao aliitwa Elia, mtu mfupi mwenye kifua kipana. Mara ya kwanza aliniangalia kuanzia soksi.

"Huyu mwalimu wa mulimani," akawaambia wenzake nikisikia, "atatunyanganya dakika na akili yake."

Mwisho wa mchezo nilifungua mkono. Maharagwe sita. Aliyahesabu kwa kidole, akayahesabu tena, kisha akanitazama usoni. "Nami niliona sita," akasema. Toka siku hiyo Walikale walipoandika barua ya kuomba mwamuzi, waliandika jina langu, hata kama timu watakayocheza nayo ni ya Masisi. Barua moja bado ninayo. Mke wangu, Mama Veronika, husema naisoma kuliko katekisimu.

Sasa nifike kwenye ile mechi.

Kulikuwa na kombe lililoshindaniwa kila mwaka kati ya Masisi na Walikale. Lilitolewa na mzungu mmoja wa mashamba, na sharti lake lilikuwa jepesi: mkienda sare, kombe linabaki lilipolala. Miaka mitatu lilikuwa limelala Walikale. Mwaka huo walikuja kwetu, wakafikia misheni, na kapteni wetu alikuwa Gratien.

Gratien alikuwa jirani yangu wa juu ya kilima, kijana wa familia ya wafugaji. Kila asubuhi, kabla sijaenda shuleni, alinishushia kibuyu cha maziwa, tukasemezana mawili matatu kuhusu ng'ombe na mpira. Alikuwa na miguu mirefu na hasira fupi. Usiku wa kuamkia mechi watu wa Masisi hawakuzungumza jambo jingine. Hata padri, asubuhi yake, alihubiri kwa haraka.

Dakika tisini zilipokwisha tulikuwa mbili kwa moja. Nasema tulikuwa, kwa sababu ndivyo moyo ulivyosema, ingawa filimbi haisemi hivyo. Mpira ulikuwa umeshuka kwa Papa Sebastiani mara tatu, na maharagwe yake yalikuwa karibu kuvunwa, kwa hiyo pole zilikuwa nyingi. Ng'ombe walipita. Mtu wa Walikale aliumia, kweli aliumia. Upande wa Sake wingu jeusi lilikuwa limesimama, na yule mzungu mwenye kombe alikuwa ameketi kwenye gari lake akinionyesha mbingu kwa kidole, maana akichelewa barabara ingemshika. Nikaita makapteni, nikafungua mkono.

"Saba," akasema Gratien. "Sawa."

"Saba," akasema Elia, akihema.

Mfuko wa kushoto sikuuhesabu. Naandika sentensi hiyo peke yake muione vizuri. Miaka yote niliuhesabu, na siku hiyo, kwa sababu ya wingu na kidole cha mtu, na kwa sababu nilishajiona kwamba mimi sikosei, sikuuhesabu. Tulicheza saba, nikapuliza, Gratien akapewa kombe, na matone yakaanza. Watu walikimbia wakiimba, na mvua ikaupiga uwanja ukawa tope.

Nilifika nyumbani nimelowa. Nikakaa kwenye kigoda uani, chini ya paa, nikavua viatu, nikavua soksi ndefu ya kulia iliyokunjwa juu. Haragwe moja likaanguka chini. Nikakung'uta. La pili likaanguka.

Ijumaa Mama Veronika alikuwa ameniambia, "Leta ile kaptula, mufuko inapasuka." Nikamwambia Jumatatu.

Nilijiambia labda ni ya siku nyingine. Nikageuza mfuko wa kushoto: sita. Niliyoyafungua mkononi yalikuwa saba. Saba na sita ni kumi na tatu. Na mawili ya soksi, kumi na tano. Ningekuwa mjinga wa hesabu ningepata nafuu, lakini ndiyo niliyokuwa nafundisha siku sita za juma. Dakika zilikuwa tisa. Nilikuwa nimewanyang'anya watu wa Walikale mbili, na kuwapa watu wa kwetu kombe.

Niliona aibu. Halafu ikaja fikra nyingine, nayo siifichi. Hakuna aliyejua. Makapteni wote wawili walisema saba. Mama Veronika alikuwa jikoni, chungu cha maharagwe kinachemka, na mimi nikasimama juu ya chungu hicho na yale mawili mkononi. Maharagwe mawili katika chungu nani atayatambua?

Hakuinua kichwa. Sijui aliona nini. "Kama iko na shida yako," akasema, "kula weye mwenyewe. Usitie mu chungu ya batoto."

Nikavaa viatu vilivyolowa nikatoka.

Nilianzia misheni, kwa wageni, maana huko kulikuwa na wenye haki. Elia alikuwa anakausha fulana kwenye moto. Nilimwonyesha maharagwe mawili nikamweleza soksi, mfuko, kila kitu. Wenzake walicheka. Yeye hakucheka.

"Dakika mbili," akasema. "Mwalimu, lori inaondoka asubui. Batu bamechoka. Na weye uko mutu wa hapa." Akageuza fulana upande wa pili. "Lakini kama iko yetu, tutaicheza."

Kwa Gratien ilikuwa kazi nyingine. Nyumba ilijaa watu mpaka mlangoni, na kombe, limejaa maziwa, lilikuwa linapita mkono kwa mkono. Waliponiona walinishangilia. Nilisubiri shangwe iishe, kisha nikasema. Kombe likasimama mikononi mwa aliyekuwa nalo.

"Filimbi ulishapuliza," akasema mzee mmoja. "Yenye ilishapulizwa haimezwe."

"Weye uko wa timu gani?" akauliza mwingine, naye hakuuliza kwa upole.

Nikasema kesho saa moja asubuhi nitakuwa uwanjani, na wasiokuja watakuwa wamezikubali dakika mbili bila kipa.  Nilimtazama Gratien, kwa kuwa yeye ndiye kapteni. Alikuwa anaangalia chini, na alikaa hivyo muda mrefu mno kwa mtu mwenye hasira fupi. Mwisho akasema, "Tutakuja," wala hakunitazama.

Asubuhi ukungu ulikuwa mpaka magotini, na watu walikuwa wengi kuliko jana. Waliokosa mechi nzima walitembea tangu alfajiri waje kuona dakika mbili. Hakuna aliyenisalimia. Kwenye ukingo wa mteremko nilimwona mtu mmoja aliyesimama na jembe begani, na nilihitaji kutazama mara mbili. Alikuwa Papa Sebastiani. Miaka yote hakuwahi kupanda kuja kuona mpira. Mpira ndio uliomfuata.

Nilidondosha mpira katikati, nikashika saa. Dakika ya kwanza ilikuwa ya mateke na tope. Katika ya pili mpira ulimfikia Gratien karibu na ukingo, na mguu wake ukafanya ulichozoea: akaupiga mteremkoni. Nadhani yeye mwenyewe alishtuka. Lakini mpira haukushuka. Papa Sebastiani aliuzuia kwa mpini wa jembe, akauokota, akampa mtu wa Walikale mkononi, hapo hapo.

"Leo sina maneno," akasema.

Waliurusha haraka. Mpira ulipaa juu ya mabeki wetu waliokuwa bado wanamshangaa mzee, na Elia, mfupi vile, akaupata kwa kichwa. Mbili kwa mbili. Tulirudisha mpira katikati, ukapigwa mara moja, na mshale wa nukta ukafika juu. Nikapuliza.

Kombe liliondoka na lori. Elia alinipa mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo siku hiyo halikunisaidia. Njiani kurudi, Papa Sebastiani ndiye peke yake aliyetembea nami. Alisema dakika mbili zile zilichezwa vizuri kuliko zote tulizowahi kumwangushia shambani, kisha akaniuliza nani atalipa maharagwe ya jana. Nilimwambia pole kwa kila shina.

Kesho yake asubuhi kibuyu cha maziwa hakikuja. Wala keshokutwa yake. Mama Veronika alipika chai ya rangi msimu wote wa mvua, hakulalamika hata siku moja, na shuleni wazazi walinisalimia kwa kichwa bila mdomo. Iliniuma. Msidhani mtu anafanya haki na usingizi unakuja usiku ule ule.

Nilipopata ruhusa nilishuka Shasha kumwambia Papa Dominiko. Alikuwa ameketi mlangoni anatengeneza nyavu, mikono ile ile ya kupima moyo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuambia mifuko mbili," akasema.

"Ulinambia, Papa."

Akafunga fundo moja, akafunga la pili. "Mimi ilinifikia mara moja, haragwe moja. Niliitupa mu majani." Sikumwuliza ilikuwa mechi gani. Alipoinuka kunisindikiza aliniita mwalimu, naye hakuwahi kuniita hivyo tangu siku ile ya homa.

Kuanzia msimu uliofuata, na hapa ndipo majivuno yangu yalipo, sikubishaniwa dakika tena. Si Masisi, si Walikale, si Sake. Nilifungua mkono, wakahesabu, tukacheza. Nimeona waamuzi wakikimbizwa kwa mawe kwa ajili ya dakika tatu. Mimi niliongeza kumi na moja mbele ya watu waliokuwa wanaongoza kwa bao moja, wakanung'unika kidogo kama wanaonung'unikia mvua, wakarudi kwenye nafasi zao. Sijui mshahara gani ungenipa kitu hicho.

Maziwa yalirudi mvua zilipoisha. Siku moja tulikuta kibuyu mlangoni, bila mtu. Nikaona Gratien amesamehe, nikafurahi, nikanyamaza. Miaka michache baadaye goti lake likamtoa mchezoni, akaja kwangu akasema anataka kujifunza filimbi. Nilimweka kando yangu ukingoni nikamwuliza "Ngapi?" kama nilivyoulizwa. Hakukosea. Wafugaji huhesabu ng'ombe wakipita mlango wa zizi huku wanazungumza mambo mengine, na hesabu haiwaponyoki. Hakukosea hata mara moja, na hilo lilipaswa kunifikirisha mapema.

Baada ya mechi yangu ya mwisho, mwezi uliopita, watu walipotawanyika, nilimwita nikampa saa na kopo. Alivishika. Kisha akaviweka chini kwenye nyasi kati yetu.

"Papa Mwalimu, mbele niichukue, sikia. Ile siku ya Walikale nilihesabu kenda."

Kenda, yaani tisa. Sikumwelewa.

"Kila mara mukono yako ilikuwa inaenda kuume, mimi nilikuwa nahesabu. Kenda. Ukafungua mukono, nikaona saba, nikasema mu roho yangu: Mungu ametupatia mbili. Nikasema sawa. Halafu magaribi ukakuja mu nyumba yangu na ile mbili." Alikuwa anaangalia chini vile vile kama jioni ile. "Maziwa sikukunyima juu ya kasirani. Nilikuwa nashindwa kukuangalia. Sasa patia saa mutu mwengine."

Nilikasirika. Naandika ukweli. Msimu mzima wa chai ya rangi, salamu za kichwa, usiku nikijiuliza kama nilikuwa mjinga, na kumbe kulikuwa na mtu mmoja Masisi nzima aliyejua kwamba hesabu yangu ilikuwa sahihi. Nilitaka kusimama niende zangu. Magoti yakakataa, kwa hiyo nilikaa, na nilipokaa nikamkumbuka Papa Dominiko na haragwe lake moja katika majani, na mimi mwenyewe juu ya chungu cha Mama Veronika. Sote watatu tulisimama mahali hapo. Gratien alichelewa tu, na hakuna aliyemlazimisha kufika.

"Mifuko yako imeshonwa?" nikamwuliza.

"Mara mbili."

"Geuza nione."

Akasimama, mwanamume mwenye watoto watano, akageuza mifuko ya kaptula nje kama mwanafunzi. Uzi ulikuwa mzito, umerudiwa. Nikaokota saa na kopo nikamwekea mkononi.

Sasa turudi Jumapili iliyopita, nilikoanzia. Jirani yangu alikuwa bado anatafuta saa kwenye jua wakati Gratien alipowaita makapteni. Kabla ya kufungua mkono aligeukia kando, akamimina ya kushoto kiganjani, akayahesabu polepole na watu wakimpigia kelele aharakishe. Hakuharakisha. Akayarudisha, ndipo akafungua mkono wa kulia.

"Sita!" kapteni mmoja akatangaza.

Mikono yangu ilikuwa mitupu, hakuna mtu aliyeniuliza kitu, na mimi pale ukingoni nilikuwa nimehesabu sita.